Katibu wa Kikundi cha Darmi

Enzi zetu pale Isiolo, kitabu kimoja cha hesabu kilisomwa na watoto wanne, na ukurasa haukufunuliwa mpaka wa mwisho aseme ameelewa. Tulikutana kila alasiri kwenye veranda yetu, kwa kuwa baba alikuwa karani wa serikali na sakafu yetu ilikuwa ya simiti. Mama alitupatia githeri ya moto, mahindi na maharagwe yaliyokaangwa, huku akituonya, "Atakayedondoshea kitabu mafuta atakilamba!"

Ekai na Kinoti walikuwa wabishi. Darmi, binti wa mfugaji wa Kiborana, ndiye aliyekuwa na kichwa. Tulimfanya mwenyekiti. Mimi, kwa ajili ya mwandiko wangu, nikawa katibu, nikaandika majina yetu yote kwenye karatasi.

Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, waasi wa kaskazini waliotaka kujitenga na Kenya, na Waborana walishukiwa kuwaunga mkono. Siku moja askari wa doria alisimama mbele yetu.

"Huu ni mkutano gani?"

"Tunasoma, afande," nikasema.

"Mwenyekiti ni nani?"

Nikampa karatasi, nikitarajia asifu mwandiko. Aliisoma polepole.

"Baba ya huyu Darmi anakaa wapi?"

Nikanyoosha kidole. Akaitia karatasi mfukoni, akaenda.

Wiki hiyo malori yalizibeba familia nyingi za Kiborana hadi kambini, upande wa Merti. Darmi alikwenda bila kuaga.

"Baba, kwani Darmi ni shifta?" niliuliza.

"Kula chakula chako, Kinya."

Mama alisema mtaa mzima ulihamishwa, si wao tu. Ekai akaapa kwamba baba yake Darmi alichukuliwa kabla ya malori kufika. Sikujua nimwamini nani. Kikundi kilikufa.

Nilipokutana na Darmi sokoni tulikuwa tayari na mvi. Nilimweleza yote. Akanikazia macho.

"Karatasi gani?" Kisha akasema, "Baba walimchukua kwanza, ni kweli. Hakurudi. Kwa nini, hata sisi hatukuambiwa."

Akanikumbatia. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au hakukuwa na la kusamehe.

Wajukuu wangu husomea kwenye vikundi vya simu, ingawa naona vichekesho vingi kuliko hesabu. Mwenzao akitoka kikundini, simu inawatangazia papo hapo, nao wanampigia kumuuliza sababu. Anawajibu. Nawacheka, lakini moyoni nawaonea wivu.