Mshenga wa Kuzima Kompyuta

Ansbert, fundi kompyuta wa duka la vyombo la mzee Kanubhai pale Mchafukoge, alibakiza kazi moja kabla ya kupeleka posa Buguruni kwa kina Celina, mchumba wake: kuzima zile kompyuta za duka zisizoshikika, zinazoishi mtandaoni na kufunguliwa kutoka popote. Zote zikalala kwa adabu, isipokuwa moja. Ilidai kuna mtu bado yumo ndani.

Ni Mama Kamla, mke wa bosi, aliyekuwa akicheza karata humo kutoka nyumbani Upanga.

"Nizime kwa nguvu, mzee?" Ansbert akamuuliza Kanubhai.

"Umtoe mke wangu kwa nguvu? Ndiyo maana hujaoa."

Ansbert akampigia. "Shikamoo mama. Naomba utoke, nizime."

"Marahaba. Mimi sifukuzwi kwa simu. Leta mtu mzima aseme vizuri."

Mtu mzima mwenye suti siku hiyo alikuwa mmoja tu, mshenga wa Ansbert, aliyekuwa akisubiri dukani waende Buguruni. Akapakiwa bajaji hadi Upanga, akamwaga mafumbo yote aliyomwandalia baba yake Celina. Mama Kamla akalainika, akatoka, kompyuta ikazimika salama.

"Haya, twende Buguruni," Ansbert akamwambia mshenga kwenye simu.

"Tangulia, kijana. Huku nimeandaliwa chakula, na maneno yameniisha."

Ansbert akaenda kujiposea mwenyewe. Shangazi yake Celina akamuuliza kama ukoo wa kwao umekufa wote.