Nduaro wa Fundi Viti

Fundi viti alikuwa mtu wa utani, hata misumari ikiwa imejaa mdomoni. Ndoto yake ilikuwa moja: kupiga picha na nduaro, samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, aliyemvua mwenyewe. Kila Jumapili aliingia baharini na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kila mtu na kayaki yake ya plastiki.

Siku nduaro alipomeza chambo, kayaki ya fundi ilikokotwa kama gari bovu. Shemeji alimfuata nyuma, akipiga kasia kwa nguvu zote.

“Kata mshipi, shemeji! Anatupeleka mbali!”

“Nikate? Kwani huyu dagaa?”

Fundi alipambana mpaka mikono ikafa ganzi, na samaki akaja ubavuni, hoi, mrefu kuliko kayaki. Hapo ndipo alipogeuka amwonyeshe shemeji. Mawimbi yalikuwa yakiichezea kayaki iliyopinduka, mwenyewe haonekani. Jaketi la kuelea lilikuwa bado limefungwa nyuma ya kiti.

Alikata mshipi, akazunguka akiita hadi sauti ikamkauka. Mwili uliokotwa kesho yake na wavuvi wa nyavu.

Mke wa fundi alimsikiliza hadi mwisho, amesimama mlangoni.

“Alipopinduka hukumsikia?”

“Sijui alipinduka saa ngapi. Nilikuwa namwangalia samaki.”

Mke aliingia chumbani, akajifungia.

Bado wanaishi pamoja. Anampikia, anamfulia, lakini zaidi ya kumwambia gesi imeisha au kuna mteja nje, hamsemeshi.