Masinki Mawili ya Mzee Bobini

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, nilianza kazi saa moja na dakika kumi asubuhi na kuimaliza saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Kati ya muda huo, saa mbili na robo zilikwenda katika kung'oa nilichokuwa nimekifunga mwenyewe.

Mteja alikuwa fundi wa cherehani, mgane wa miaka sitini na minane, aliyejulikana katika miji minne au mitano kwa jina la Mzee Bobini. Kwa miaka minane alikuwa akiishi ndani ya gari lake: lori dogo lililojengewa chumba mgongoni, chenye kitanda, jiko la gesi, meza ya kazi na sinki. Alikuwa akiegesha karibu na soko, anatundika kibao, anatengeneza cherehani za mji mzima kwa wiki mbili tatu, kisha anawasha injini. Washonaji walimpenda kwa sababu hakumfokea aliyeiharibu mashine yake kwa kuitia mafuta ya kupikia. Alisema tu, "Hii umeikaanga, mama," akaendelea kufungua skrubu.

Sinki lake lilikuwa limepasuka, na bomba lilivuja hata mbao za chini zikaoza. Karakana yetu ilipokea oda mbili kwa ajili ya tundu moja. Mzee alipiga simu akitaka sinki jepesi la bati lisiloshika kutu, lenye kina kifupi, pamoja na bomba dogo la kukunja linalotumia maji ya tangi na pampu ya betri. Hivyo ni vifaa vya gari linalotembea. Siku iliyofuata alipiga bintiye, mwalimu wa chekechea, akaagiza sinki zito la kauri na bomba la nyumbani linalohitaji maji ya mtaani. Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba yake, naye alitaka libaki hapo moja kwa moja. Msimamizi wangu aliniambia nipakie yote mawili, wenyewe wangeelewana.

Hawakuelewana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye fundi huyu? Mwembamba kama sindano namba tisa! Hilo dude jeupe utalibeba wewe?"

"Si dude, baba, ni sinki," bintiye alisema kutoka mlangoni.

"Sinki la kuogeshea ndama. Ukiliweka humu, gari litalala ubavu kwenye kona ya kwanza."

"Kona ipi? Nani kakwambia unakwenda kwenye kona?"

"Mwanangu, mimi si wa chekechea. Usinipangie saa ya kulala."

"Wa chekechea angalau wananisikia."

Nilieleza niliyopaswa kueleza. Bomba la nyumbani lingemaliza tangi la lita sitini kabla sufuria ya pili haijaoshwa. Sinki la kauri lingehitaji tundu lipanuliwe, na kaunta ikishakatwa, sinki dogo halingeweza kurudi mahali pake. Binti alilitazama tundu, kisha akamtazama baba yake.

"Haya, baba. Gari ni lako," alisema, akaenda kuanika nguo.

Nililifunga la bati. Nilipaka silikoni ukingoni, nikakaza nati za bomba, nikaunganisha mipira miwili, ya maji moto na ya baridi. Nilijaribu maungio kwa maji baridi, kisha nikawasha hita ya maji. Maji yalipokuwa tayari, mzee aliomba awe wa kwanza kulizindua sinki lake. Alichukua kikombe, akageuza mkono wa bomba, akaanza kuosha huku akizungumza. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya kaunta na tochi, nikitafuta tone.

"Kuna mshonaji mmoja aliniletea cherehani, anaapa ina jini, eti usiku inapiga kelele yenyewe. Nimefungua, nimemkuta panya na watoto sita, wametandika vitambaa vya wateja. Nikamwambia, mama, hili jini lako lina familia, litakudai mpaka chakula..."

Niliona kwanza ukungu kwenye kioo cha dirisha. Niliposimama, mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia chini ya maji, na mvuke ulipanda kati ya vidole. Hita ilikuwa nyuzi sitini. Nilifunga bomba.

"Mbona umefunga? Sijasuuza."

Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kuvimba na kung'aa. Aliitazama kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine, yeye ameombwa tu kuushika. Bintiye alikuwa amesharudi mlangoni, ndoo tupu mkononi. Nilifungua maji baridi nikauingiza ule mkono chini yake, nikaushikilia hapo.

"Tangu lini, baba?"

"Ni vidole tu. Ni hii sukari. Daktari alisema kitu kama ganzi."

"Nimeuliza tangu lini."

"Mwaka juzi."

"Na uzi unatungaje?"

"Wateja wananitungia. Nawaambia macho yamechoka."

Pampu ilikuwa ikinguruma chini ya kiti.

"Na miguu?"

Mzee aligeuza macho kuelekea kwenye usukani.

"Nikitaka kushika breki," alisema, "natazama chini kwanza, nijue mguu uko wapi."

Binti hakumkemea. Aliweka ndoo chini, akakaa kwenye ngazi ya gari akiwa ametugeuzia mgongo. Niliendelea kuushika mkono chini ya maji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyokuwapo. Maji ya tangi yalipokaribia kwisha, mzee aliniuliza kama tundu linaweza kupanuliwa siku ileile.

"Linaweza, mzee. Ila likishapanuliwa..."

"Nimesikia asubuhi. Kata."

Nilikwangua silikoni ambayo ilikuwa bado laini, nikalitoa sinki la bati na kulirudisha ndani ya boksi lake. Nilikata kaunta. Binti aliingia bila kuitwa, akashika upande mmoja wa sinki la kauri, tukaliteremsha pamoja. Nilivuta mpira kutoka kwenye bomba la uani, nikaupitisha sakafuni. Pampu niliifungua nikaifunga kwa gazeti. Mwisho nilifunga valvu inayozuia maji moto yasizidi nyuzi thelathini na nane, na ni binti aliyeweka mkono kuyajaribu.

Nilimuuliza mzee kama urefu wa bomba unamfaa. Alisema unamfaa. Nilimuuliza kama upande wa kufungulia unamfaa. Alisema unamfaa pia. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kitambaa kibichi, akitazama mahali nilipokuwa nikifagia vumbi la mbao.

Leseni yake ya udereva iliisha muda wake mwezi Machi mwaka uliofuata. Wakati huo washonaji wa miji miwili walikuwa wakimtumia cherehani zao kwa basi. Hakwenda kuihuisha.