Mguu Ambao Mercyline Hakuudunga

Mercyline Egesa alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kusomea Nairobi tiba ya sindano ya Kichina, ile ya kudunga vijisindano visivyo na dawa. Aliporudi kwao, kaunti ya Busia, alikodi chumba mpakani Malaba, nyuma ya duka la vipuri, hatua chache kutoka foleni ya malori. Wateja wake wengi ni madereva. Mtu aliyeshika usukani tangu Mombasa, kisha akangoja kuvuka kwenda Uganda, miguu humfa ganzi.

Ukimuuliza sindano hufanya nini, hakupambii maneno. "Mwili unadhani umejeruhiwa. Mishipa midogo iliyo karibu inapanuka, damu inakuja, unasikia joto. Ni hapo hapo tu. Mimi sisafishi damu ya mtu."

Erastus, dereva wa Nakuru, alikuwa amepata nafuu kwake mara mbili. Mwaka jana aliingia akichechemea, akapandisha suruali hata kabla hajaketi.

"Dada, damu imekwama tena. Nidunge haraka, foleni imeanza kusonga."

Mercyline alishika miguu yote miwili kwa pamoja, kama anavyofanya kwa kila mteja. Wa kulia ulikuwa baridi kidogo. Wa kushoto ulikuwa na moto, umevimba, ngozi imekazika hadi inang'aa. Alipobonyeza shavu la mguu, Erastus aliuma meno.

"Umegongwa mahali?"

"Hapana. Umeamka hivi tu."

Mercyline akarudisha sindano kwenye kisanduku. "Huu siudungi."

"Si ndiyo kazi yako? Damu imekataa kutembea, wewe unaitembeza."

"Siku zile mishipa ilikuwa imejikaza. Leo naogopa kuna bonge la damu ndani. Likichomoka liende kwa mapafu, boss, hata Tororo hapo ng'ambo hutafika."

Erastus alikasirika. Alisema gari lina mzigo ambao wenyewe wanausubiri, na kama yeye hataki, atatafuta mtu wa kumkanda na mafuta.

"Hapo ndipo utajiua," Mercyline alimwambia, bila kupandisha sauti. "Mtu yeyote asiukande huo mguu."

Kisha akawaomba radhi waliokuwa wakingoja kwenye benchi, akafunga chumba, akaita teksi. Erastus aliingia akinung'unika, na aliendelea kunung'unika mpaka hospitalini, Busia mjini. Picha ya mishipa ilionyesha bonge la damu juu ya goti. Walimlaza siku hiyo hiyo wakamwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mercyline ndiye aliyempigia simu mkewe, Teresa. "Mzee wako yuko salama, mama. Ameanza kulalamika kuhusu uji." Teresa alicheka, halafu akalia.

Miezi ilipita kabla Erastus hajarudi Malaba. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamshukuru kwa maneno machache. Akaomba sindano za bega.

"Bado uko kwa ile dawa?"

"Bado."

"Basi ngoja kwanza daktari akuachishe dawa. Damu yako sasa ni nyepesi, sitaki kuichokoza."

Badala yake alimfundisha kuinua visigino na vidole akiwa ameketi, na kushuka garini kuzunguka lori kila foleni inaposimama. Erastus, mtu mzima mwenye kitambi, akaanza kuinua visigino pale kwenye benchi. Madereva wenzake walimcheka. Baadaye mmoja wao akasogea, akauliza inafanywaje.