Kosa la Milimita Tisa

Kwa miaka kumi na nane hakuna mtu wa Hasamba aliyewahi kumwona Getruda Mwashiuya akipima mvua saa tatu na dakika tano. Alipima saa tatu kamili asubuhi. Mgeni alisubiri na ibada ya msibani ilisubiri. Hata siku ya harusi ya binti yake Ferista, msafara ulisimama barabarani na bibi harusi akajipepea ndani ya gari, mpaka mama mzazi alipotokea nyuma ya nyumba na daftari lake kwapani.

Kipima mvua kilikuwa mali ya kikundi cha wakulima wa kahawa. Kilikuwa mcheduara wa chuma wenye faneli mdomoni na chupa ndani, umesimikwa kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba yake. Kikundi kilimchagua Getruda aende Vwawa kwa mafunzo ya siku tatu, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Sababu hizo mbili zinatosha kumpa mtu kazi yoyote, ingawa siku hizi huulizwi hata moja. Mwalimu wao, mzee Yesaya, aliwaambia mambo mengi, na Getruda aliyaandika yote. Kisha akarudi, akaanza kazi ambayo haikuwa na mshahara, na hakuikosa hata siku moja.

Aliyemsumbua ni Shadrack, mdogo wa marehemu mume wake, jirani wa shamba kwa shamba. Kila ikinyesha mvua kubwa, asubuhi Shadrack alisimama uani kwake na ndoo.

"Shemeji! Yangu imefika hapa. Wewe umeandika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Hiyo ni mvua au jasho?"

"Ndoo yako ina mdomo mpana na kitako chembamba," Getruda alijibu bila kugeuka. "Inakusanya kwa mdomo, wewe unapima kwa kitako. Lazima ionekane nyingi. Kasome."

Na alikuwa sahihi. Ubaya ni kwamba alikuwa sahihi kwa miaka mingi mno, na mtu aliyezoea kushinda ubishi huacha kuutazama. Ndoo ya Shadrack ilikuwa kosa, basi naye akaamini kwamba cha kwake hakiwezi kuwa kosa.

Mwezi wa Januari, kikundi kilikaa kikao. Getruda alisimama na daftari, akasoma jumla ya kila mwaka. Miaka ya mwanzo ilikuwa milimita elfu moja na mia tatu, wakati mwingine na zaidi. Miaka ya karibuni ilikuwa elfu moja na kidogo. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Wanachama wakatazamana. Kahawa ya mashamba ya bondeni, mali ya familia zote thelathini na saba za kikundi, ilikuwa imezeeka, ikihitaji kupogolewa upya na kutunzwa miaka miwili kabla ya kuzaa. Kama mvua inakwisha, ya nini kuhangaika? Mwenyekiti wao, Priska, akasema wang'oe mibuni yote ya bondeni na wapande mikaratusi. Uamuzi ungepitishwa Jumamosi ya wiki mbili mbele.

Shadrack naye alikuwa na mibuni yake bondeni. Jumanne ya wiki ya pili, baada ya mvua nzito ya usiku, hakuja na ndoo. Alikuja na kopo la maziwa ya unga lililokatwa kifuniko, limenyooka juu mpaka chini, na rula ya mwanafunzi.

"Hili halina mdomo wala kitako, shemeji. Limesimama uwanjani kwangu tangu jana jioni. Pima mwenyewe."

Getruda alichomeka rula. Milimita thelathini na moja. Alikwenda kwenye kipima mvua chake, akamimina, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji. Ishirini na mbili.

"Umeongezea maji," alisema.

"Haki ya Mungu sijaongeza hata tone. Ningetaka kukudanganya ningekuletea mia."

Angeweza kumfukuza, naye Shadrack angecheka na kwenda zake kama siku zote. Lakini tisa ni nyingi. Getruda alikwenda dukani akaomba makopo matatu yanayofanana. Moja aliliweka ubavuni mwa kipima mvua, la pili katikati ya shamba lake la maharage, la tatu akampa Shadrack na onyo kwamba akiligusa atamjua yeye ni nani. Usiku huo ikanyesha. Kesho yake saa tatu kamili alipima yote. Kopo la ubavuni lilisema kumi na nne, na kipima mvua kilisema kumi na nne. Kopo la shambani lilisema kumi na tisa. La kwa Shadrack, kumi na tisa na nusu.

Kwa hiyo chombo kilikuwa kizima. Kilichokuwa na kasoro ni mahali.

Getruda aliinua macho. Hatua nane upande wa mashariki, upande unaoleta mvua na upepo, ulisimama mparachichi alioupanda marehemu mume wake, Andongwisye, mwaka uleule wa mafunzo. Siku hiyo ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Sasa ulikuwa umepita bati la nyumba, na matawi yake yalikuwa yakiidaka mvua inayokuja kwa mshazari kabla haijafika kwenye faneli. Mti haukui kwa siku moja, na hesabu zake hazikupungua kwa siku moja. Alikwenda kabatini, akatoa daftari la Vwawa. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe: chombo kiwe mbali na kitu chochote, angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho.

Alikaa kitini. Kisha akampigia simu mzee Yesaya, ambaye alikuwa amestaafu na sasa anafuga nyuki.

"Mwalimu, nimeharibu kazi," alisema, akaeleza yote bila kujitetea.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mama Ferista, karibu kwenye chama cha waliokosea! Unajua zaidi ya miaka mia mbili iliyopita kuna daktari mmoja kule London aliweka kipima mvua juu ya mnara wa kanisa, na kingine chini bustanini? Cha juu kikapata maji kidogo kuliko cha chini. Wasomi wakabishana karibu miaka mia. Wengine wakasema matone yananenepa yakishuka! Mpaka mmoja akaonyesha kwamba ni upepo tu, unayapeperusha juu ya chombo. Hizo hatua tunazopima leo kutoka kwenye mti zimetoka kwenye kosa lao."

"Basi nifanyeje na namba zangu? Niongeze zile zilizopotea?"

"Usiguse hata moja. Namba iliyoandikwa inabaki. Weka kipima mvua kingine mahali pa wazi, hiki kiache kilipo, soma vyote viwili misimu miwili mitatu. Ndipo utajua mti unachukua kiasi gani. Ukifuta, hata kosa lako utakuwa umelipoteza, na lina kazi."

Shadrack aliposikia, alikuwa na shauri jepesi zaidi. "Shemeji, tuukate mti kimyakimya. Mwakani unawaambia mvua imerudi. Watafanya na ibada ya shukrani!"

"Nenda kwako," alisema Getruda. Lakini alikuwa anacheka, jambo lililomshangaza Shadrack kuliko milimita tisa.

Jumamosi alivaa kitenge chake cha kanisani. Kikao kilikaa kwenye kituo cha kuchakata kahawa, watu wameketi juu ya magunia na kingo za matangi. Priska alikuwa ameshafungua mdomo kuitisha kura, Getruda akanyoosha mkono. Akasema kila kitu: kopo, tarakimu, mti, ukurasa wa pili wa daftari lake mwenyewe.

Mzee mmoja wa nyuma akanguruma, "Kwa hiyo umetudanganya miaka yote hii?"

"Sikudanganya, nilikosea. Nimejua Jumatano. Ningenyamaza leo Jumamosi, hapo ndipo ningekuwa mwongo."

"Haya, sema sasa. Mvua imepungua au haijapungua?"

"Sijui."

Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake.

"Sijui bado," alirudia, na safari hii sauti ilikuwa imara. "Miaka ya mwanzo, mti ulipokuwa mdogo, hesabu ni nzuri. Hizi za karibuni siziamini. Nipeni misimu miwili nipime sehemu mbili. Lakini ninachowaomba leo ni kimoja. Msing'oe mbuni hata mmoja kwa sababu ya daftari langu."

"Mimi nilishaagiza miche ya mikaratusi," alisema Priska polepole. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Jamani, mparachichi umetaka kutung'olea kahawa!"

Kicheko kikalipuka mpaka kwenye matangi. Kura ikapigwa: mikono thelathini na nne ikataka kahawa ipogolewe na ibaki. Watatu hawakunyoosha, na hawakukasirikiwa. Shadrack alipiga vigelegele kama mwanamke, akazomewa, akaongeza. Mzee wa nyuma ndiye aliyetoa hoja ya mwisho: mbona makopo yawe matatu tu? Kila kaya iweke lake, mahali pa wazi, ilete hesabu.

Getruda aliwapa masharti. Kopo lililonyooka. Mbali na bati na miti. Saa tatu kamili. Na atakayebuni namba ajue kwamba amewaibia wenzake wote.

Jumatatu, baada ya mvua ya Jumapili, uwanja wake ulijaa watu waliobishana kwa furaha. Ishirini na nne! Ishirini na sita! Wewe wa mtoni, ishirini na tisa? Bonde lilikuwa limepata mvua nyingi kuliko mlima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliuliza. Getruda alichora safu mpya thelathini na saba, akaandika kila moja mbele ya mwenyewe.

Priska alikuja wa mwisho, kopo tupu mkononi, uso umeinama.

"Lilikuwa na maji, Mama Ferista, nimeona kwa macho yangu. Nimegeuka kuwasha moto, kuku kanywa. Andika tu ishirini na tano, kama jirani yangu."

Watu walimtazama Getruda. Yeye aliweka miwani sawa, akatafuta jina la mwenyekiti wake, na kwenye nafasi ya namba akaandika kwa mwandiko mzuri: *Haikupimwa. Kuku.*