Dakika Tatu za Nuriya

Saa tatu asubuhi, Halina Wojtas anashuka ngazi za chumba cha chini cha maktaba, kakumbatia chupa ya chai kama mtoto mchanga. Theluji imemganda viatuni. Wanafunzi wake kumi na mmoja wameshaketi, na mdogo wao ana wajukuu.

"Mwalimu, umechelewa dakika nne," anasema Shofiqul, fundi vyuma mstaafu kutoka Sylhet. "Sisi tukichelewa unatuimbisha."

"Kaa chini, mzee. Wewe hata ukiwahi utaimba."

Halina, 70, amefundisha watu wazima Kiingereza humu kwa miaka ishirini na sita, tangu mji huu mdogo jirani na Detroit ulipoanza kunukia iliki badala ya kabichi. Hulipwa dola kumi na tisa kwa saa, na nyingi huishia kwenye biskuti.

Kabichi hiyo anaikumbuka. Mama yake, mhamiaji kutoka Poland, alijifunzia Kiingereza kwenye meza hiihii, na Halina, akiwa na miaka minne, alikaa chini ya meza hiyo.

"Wanawake walivua viatu vya theluji, soksi zote zimetoboka," anasema. "Neno likiwa gumu, vidole vinacheza. Kidole cha mama kikitulia, najua kaelewa."

Mwezi uliopita halmashauri ilitangaza kukigeuza chumba hiki kuwa stoo ya mafaili. Darasa likamtuma Nuriya Al-Sabri, mpishi wa shule mzaliwa wa Yemen, akakitetee. Kila msemaji hupewa dakika tatu. Alifanya mazoezi wiki mbili.

Siku ilipofika, Nuriya akasimama, akawasalimu madiwani. Akamuuliza wa kwanza habari za afya, za wazazi, za watoto. Akaenda kwa wa pili. Wa tano alikuwa na mafua, akashauriwa asali na habasoda. Kengele ikalia. Chumba hakijatajwa.

"Ningeingiaje na shida zangu bila kumjulia mtu hali?" anajitetea Nuriya, wenzake wakicheka. "Mimi nimelelewa."

"Na hakukosea hata neno," anasema Halina. "Nilitaka kumfinya na kumbusu."

Shofiqul, aliyekuwa nyuma ya Nuriya kwenye foleni, akashika kipaza sauti. "Salamu mmeshapata. Mimi nasema shida." Mwanafunzi aliyemfuata akaanzia alipokatizwa Shofiqul, hivyo hivyo hadi wa mwisho.

Halina, kwenye benchi, akainama kutazama miguu yao, kama zamani.

"Ilikuwa imetulia yote," anasema, akimimina chai. "Iliyocheza ni yangu."

Uamuzi umeahirishwa hadi Jumanne. Mpango wa Halina ni huu: Shofiqul atatangulia, na dakika zake zote tatu ni za salamu. Nuriya atafuata na habari ya chumba.

"Na yule wa mafua?" anauliza Nuriya. "Nisimuulize kama kapona?"

Halina anafunga chupa ya chai. "Huyo muulize," anasema. "Lakini huyo tu."

Yeye mwenyewe ameshanunua soksi mpya.