Kitabu cha Harusi Iliyokwama Matopeni

Nilipewa biblioteki, maktaba ya shule, kwa sababu ya kifua changu. Miaka mingi ya kufundisha Kifaransa ubaoni ilinijaza vumbi la chaki, nikawa nakohoa katikati ya sentensi na wanafunzi wakinimalizia. Siku moja prefe, mkuu wa shule yetu, aliniita biro, ofisini kwake, akasema: “Mwalimu, utaikala pale na bitabu. Bitabu hapana kupiga kelele.” Alidhani ananihurumia. Mimi nilidhani ananizika nikiwa hai.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa majengo, upande wa mikaratusi, na asubuhi ukungu wa mji wetu wa Butembo uliingia humo kama mwenye nyumba. Nilikuta kamusi zisizo na jalada na vitabu vya kemia vilivyokuwa vizee kuliko mimi. Nyuma yake, kimeangukia ukutani, nikakuta kijitabu chembamba kilichoshonwa kwa uzi. Kiliandikwa na mkulima mmoja wa Masereka. Nusu ya kwanza alieleza magonjwa ya viazi, jinsi jani linavyokunjamana na unachopaswa kufanya kabla ya mvua ya pili. Nusu ya pili alimlalamikia shemeji yake aliyemwuzia mbegu mbovu, na alimlalamikia vizuri hivi kwamba nilikimaliza nikiwa bado nimesimama.

Hapo ndipo nilipopata kazi ya kufanya. Nilianza kuuliza watu: nani mwingine hapa kwetu ameandika kitabu? Walinicheka kwanza, kisha vitabu vikaanza kuja. Katekista wa Vuhovi aliniletea kitabu cha majina ya vilima na sababu ya kila jina, kimechapwa kwa mashine ya zamani ambayo herufi yake ya “r” ilikuwa imekufa, kwa hiyo akaijaza kila “r” kwa kalamu. Mfanyabiashara wa kahawa alinipa kitabu kuhusu namna zote alizowahi kudanganywa. Mwalimu wa kuendesha magari alikuwa ameandika riwaya ya mauaji ambamo muuaji hakuvunja sheria hata moja ya barabarani, na polisi wakashindwa kumkamata kwa sababu hiyo. Kulikuwa na mashairi, kulikuwa na kitabu cha mitishamba, na maisha ya mtawa mmoja yaliyoandikwa na mpwa wake ambaye kwa dhahiri hakumpenda. Viliandikwa na watu ambao majirani zao hawakujua kwamba wanaandika. Nilivipanga kwenye etajeri, rafu ya dirishani, mahali pa kwanza jicho linapofika.

Cha harusi kililetwa na mwandishi mwenyewe. Alikuwa mkunga kutoka Beni, mjane wa dereva wa lori, mwanamke wa Kiislamu mwenye mikono mikubwa na kitambaa cha kijani kichwani. Alikuja Butembo kumwona shangazi yake, akasikia kwamba kuna mwalimu anayekusanya vitabu visivyotafutwa na mtu. Alikitoa kwenye mkoba, kimefungwa ndani ya nguo ya mtoto.

“Nilichapisha kidogo tu, pale ku Beni,” alisema. “Ingine niligawia bandugu. Hii ilale huku kwenu ku baridi. Kule muchwa banakula kila kintu.”

“Nitaichunga, Mama,” nilimwambia.

“Utaichunga kweli?”

“Kweli.”

Nilikisoma jioni ile ile, na mke wangu alikuja kuuliza ninacheka na nani. Ni hadithi ya bibi harusi anayetoka Beni kuolewa Butembo. Lori lililombeba pamoja na makochi, mbuzi wawili na shangazi saba linazama kwenye matope karibu na Kalunguta. Linakaa pale siku tatu. Kwao ni Waislamu, kwa bwana harusi ni Wakatoliki, na pande zote mbili zilikuwa zimeapa kutokula pamoja. Kisha wanawake wa kijiji wanatokea kwenye migomba wakiwa na masufuria vichwani, kwa sababu wameona watu wana njaa, na harusi inaanza pale pale barabarani, bibi harusi akiwa peku. Hakuna anayekufa katika kitabu kile. Anayeumia pekee ni shangazi mmoja aliyepigwa teke na mbuzi.

Wasichana wa kidato cha tano walikiazima mpaka pembe zikalainika. Niliwasikia uani wakiigiza maneno ya yule shangazi. Kwa miaka miwili hivi nilikuwa mtu mwenye furaha, nalisema hilo kwa sababu yanayofuata ni yangu pia.

Prefe alipata ahadi ya vitabu kutoka ng'ambo. Sijui aliandika barua ngapi. Siku makarto, maboksi yake, yalipofika, shule nzima ilisimamishwa kwenye mvua ili iyapigie makofi. Niliyafungua mwenyewe. Kulikuwa na kitabu cha kuendesha gari kwenye theluji, nakala nyingi. Kulikuwa na sheria za kodi za nchi ambayo hakuna mwanafunzi wangu atakayeiona, na mafunzo ya kompyuta za aina ambayo haitengenezwi tena. Vilikuwa vizuri, vizito, vinang'aa. Wiki iliyofuata wageni wenyewe waliovituma wangekuja kuviona.

Prefe aliingia akatazama etajeri ya dirishani. “Ondoa ile makaratasi. Bageni batapiga foto.”

“Prefe, ile ni bitabu ya batu ya hapa.”

“Njo maana! Batu ya hapa tunabajua. Sasa tutajifunza nini kwao?”

Ningeweza kumtajia viazi. Ningeweza kumtajia vilima. Nilisema, “Ndiyo, Prefe,” nikavitia kwenye magunia ya mchele kwa mikono yangu, nikavibeba mpaka depo, ghala lililo kando ya jiko la shule, panapokaa makaa na maharagwe. Nilijiambia ni kwa wiki moja.

Wageni walikuja, wakapiga foto zao, wakaondoka. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa majira yote ya mvua. Mara nyingi nimejitafutia visingizio: ufunguo wa depo alikuwa nao mpishi, etajeri ilikuwa imejaa, kifua kilinisumbua. Nyumba yangu iko mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni. Ningeweza kuvihamisha kwa safari mbili. Ukweli ni huu: mmoja wa wageni wale alikuwa amekuja mapema kidogo, kabla sijamaliza kufunga magunia, akaokota kile kijitabu cha viazi, akaonyesha kosa la maandishi kwenye jalada, akatabasamu. Nami nilicheka naye. Baada ya hapo sikutaka kuviona vitabu vile. Kila nilipokumbuka depo, nilikisikia kicheko changu.

Habari za Beni zilitufikia jinsi zinavyotufikia siku zote, kupitia watu wenyewe, juu ya pikipiki, magodoro yamefungwa nyuma. Wauaji walikuwa wameingia kwenye kartie, mtaa mmoja pembeni ya mji, upande wa mashamba ya kakao. Walichoma nyumba. Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa nafuta vumbi kwenye vitabu vya theluji nilipoona mtu amesimama mlangoni. Sikumtambua. Alivaa viatu vya mwanamume na kitambaa kilichokuwa si chake.

“Mwalimu, ni mie,” alisema. “Mama ya kitabu ya harusi.”

Nilimpa kiti. Aliniambia mambo kwa mpangilio, kama anayetoa ripoti ya zamu. Watoto wake walikuwa hai. Dada yake mkubwa hapana. Nyumba hapana. Madaftari yake yote hapana, na vitabu alivyogawia ndugu vilikuwa kwenye nyumba zile zile, mstari mmoja, zote. Mwenye kuchapa alikuwa ameshakimbia mji zamani na mashine zake.

“Donc basi, ile yenye niliacha kwako njo ya mwisho,” alisema. “Sikuya kuichukua. Minataka kuiona tu. Kama iko fasi fulani, inatosha.”

Nilimwambia angoje kidogo, nikaenda depo. Nilitembea polepole, kana kwamba nikichelewa vitabu vitapata muda wa kurudi.

Mpishi alikuwa anamenya vitunguu. Nilimwuliza magunia yangu yako wapi. “Ile makaratasi?” akasema bila kuinua macho. “Kuni ilikuwa majimaji, Mwalimu. Tulikuwa tunawashia moto. Hapana mutu alisema ni ya kuchunga.”

Alisema kweli. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Gunia moja lilikuwa limebaki chini ya maharagwe. Panya walikuwa wamezalia ndani yake. Nilipata nusu ya katekista, yenye “r” zake za kalamu, na riwaya ya muuaji imegandamana kama sabuni. Kitabu cha harusi kilikuwa chini kabisa: hakina jalada, hakina mwanzo, hakina mwisho. Zilikuwa zimebaki kurasa za katikati, unene wake haukufika hata vidole viwili.

Nilimpelekea. Aliziweka magotini, akazinyoosha kwa kiganja.

“Mwanzo iko wapi?”

“Mvua, Mama. Paa inavuja.”

Alizinusa. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliochanika. “Mvua hapana kupasua karatasi na mukono,” alisema.

Basi nikamweleza yote: prefe, wageni, depo, jiko. Kicheko changu sikukieleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Nje wanafunzi walikuwa wanaimba somo la jiografia.

“Uliniambia utaichunga.”

“Ndiyo, Mama.”

“Ku Beni bilichomwa na batu yenye balikuya kutuua. Huku hapana mutu alikuya na petroli. Mulifanya polepole, mukipika maharagi.” Alizifunga kurasa zile kwenye pembe ya kitenge, akasimama. “Aksanti kwa kiti.”

Nilikaa siku tatu bila kwenda kazini, nikisema ni kifua. Siku ya nne nilitafuta nyumba ya shangazi yake, nikanunua daftari jipya njiani. Nilimwambia: kitabu nimekisoma mara nne, mengi nayakumbuka. Wewe sema, mimi niandike. Nadhani alitaka kunifukuza, lakini alikitaka kitabu kuliko alivyonichukia. Akamwambia binamu yake alete viti viwili vya plastiki.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Alisimulia, nikaandika. Aliposahau jina la mbuzi nilimkumbusha. Kuna alasiri moja alicheka, alipofika kwa shangazi aliyeficha sufuria ya wali chini ya sketi, na binamu akachungulia dirishani kuona kulikoni. Lori lilitoka Beni, likapita vizuizi vyote, likafika Kalunguta, likazama.

Hapo simulizi ilikatika.

“Sasa wanawake wanatoka kwenye migomba,” nilisema.

“Minajua.”

“Na masufuria vichwani.”

“Minajua, Mwalimu. Mie njo niliandika.” Alikuwa anaangalia daftari, si mimi. “Mais lakini ile batu, leo, nikifunga macho, banatoka mu migomba, na hapana na masufuria.”

Tulijaribu tena kesho yake. Nilimsomea kutoka mwanzo ili ashike mwendo, shangazi, mbuzi, makochi, na tulipofika kwenye tope alisimama akaenda kuangalia nguo kwenye kamba ambazo zilikuwa bado mbichi. Mara ya tatu nilifanya kosa kubwa kuliko yote. Nilimwambia: “Mama, acha mimi niandike hicho kipande. Ninakikumbuka.”

“Utakiandika weye?”

“Kama ulivyokiandika.”

“Ile mwanamuke yenye alikiandika alikuwa anajua kama njia inafika,” alisema. “Weye unajua?”

Nilifunga kalamu.

“Basi tuache. Ikae mu matope.”

Nilimwachia daftari mezani. Binamu alinifuata mpaka barabarani akanirudishia, akasema Mama hataki kulala nalo chumba kimoja. Niko nalo. Sijawahi kuongeza neno.

Katekista wa Vuhovi nilimpelekea nusu yake mwenyewe, kwa pikipiki. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akasema ataandika tena kwa kuwa vilima havijaenda popote, kisha sikumwona tena shuleni. Mkulima wa Masereka sikuwa na cha kumpelekea, nami sikuwa na ujasiri wa kwenda mikono mitupu. Hata leo ninapokutana na watu wa kule sokoni, na karoti zao na vitunguu vya majani, naangalia pembeni.

Mwisho wa mwaka prefe aliniletea fomu ya wafadhili. Walitaka kujua biblioteki inaendeleaje. Swali moja liliuliza kama kuna vitabu vilivyopotea au kuharibika. Nilimwuliza niandike nini.

“Andika ile yenye iko,” alisema. “Kwenye bitabu yao, kuna yenye ilipotea?”

“Hapana.”

“Sasa?”

Niliandika “hakuna”, nikatia sahihi, na ilikuwa kweli, vitabu vyao vilikuwa vyote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuviazima. Walifurahi. Wakaahidi makarto mengine.

Mkunga alipata kazi katika sentri ya afya hapa Butembo. Binti yangu alipokaribia kujifungua, mke wangu alimpeleka huko bila kujua nani anafanya kazi humo, na mimi nilifika baadaye na termosi ya uji. Mkunga alitoka kwenye mlango wa maternite, wodi ya uzazi, amevaa aproni, mikono yake mikubwa imelowa. Alinitambua mara moja.

“Ni mutoto mwanamuke,” alisema. “Mama yake iko salama. Alipigana vizuri.”

“Wasingya, Mama,” nilimshukuru kwa Kinande. “Wasingya sana.”

Nilitaka kuendelea. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa miezi, kuhusu mgeni na kijitabu cha viazi na namna nilivyocheka. Alikwisha kugeukia benchi, ambapo mwanamke mwingine alikuwa ameinama akishika kiuno, akamwuliza uchungu ulianza saa ngapi.